Niliambiwa nioe, itakwisha. Nilioa, haikwisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Ikiwa ndefu nivumilie, wala usiikate sana, maana jambo hili sijawahi kuliandika na sidhani kama nitaliandika tena.

Jumapili mbili zilizopita, kwenye safu yenu ya ushauri, kijana wa miaka 23 aliyejiita "Nateseka, Mbeya" aliandika kwamba hapati usingizi mpaka aangalie picha za ngono. Bando linaishia huko, kazini ameachishwa kwa kusinzia, na amejaribu kuacha mara nyingi mpaka ameacha kuhesabu. Mshauri wenu akamjibu kwa mistari minne: funga, fanya mazoezi, muogope Mungu, na ukijaliwa uwezo oa, itakwisha.

Mimi ni fundi simu hapa Tanga, Ngamiani. Nina miaka 41. Nilioa nikiwa na 26. Haikwisha.

Sina ugomvi na mfungo. Nimefunga Jumatatu na Alhamisi miaka mingapi, na ninaendelea kufunga. Ila ushauri ule ni wa kijana mwenye hamu ya kawaida asiye na mahari. Nateseka hakusema ana hamu. Soma barua yake tena. Alisema siku hizi hata hafurahii, anaangalia tu, kama mtu anayekula huku ameshiba na mkono haukomi. Huyo ukimwozesha unampa mke wa kumdanganya. Najua ninachosema.

Kwangu ilianzia kibanda umiza, mwaka 1998 hivi. Mchana wanaonyesha Kihindi, jioni karate, ikifika saa tano usiku watoto tunatolewa nje na wakubwa wanawekewa "pilau". Tulikuwa tumetoboa gunia upande wa chooni, tunapokezana jicho. Wenzangu walikua wakaacha, wakawa na mambo yao. Mimi sikuacha. Nilipofungua kibanda changu cha simu, ndiyo zilikuwa zama za memori kadi: mteja anakuletea kadi umjazie nyimbo na muvi, na wengine wanakukonyeza, "na zile nyingine, fundi". Nikawa muuza gongo anayeonja kila pipa. Baadaye intaneti ikaja hadi mkononi, na picha peke yake hazikutosha, nikaanza kwenda nyumba za wageni kulipia wanawake. Mwishoni mwa mwezi kodi ya fremu haipo, na mke wangu nimeshamwambia wateja wamekata.

Nimepona mara tatu, Mhariri.

Mara ya kwanza niliambiwa nina jini mahaba. Nikasomewa ruqya, nikanywa kombe siku saba, nikaogea maji ya majani ya mkunazi. Sitamkejeli aliyenisomea, alikuwa mtu mwema na alinihurumia kwa dhati. Nilikaa siku arobaini sijagusa kitu, nikatangaza kwa rafiki zangu kwamba limetoka. Mara ya pili ndiyo hiyo ndoa, iliyonipa miezi minne. Mara ya tatu rafiki alinishauri nivunje simu ninunue kitochi, nikanunua. Hapo hata mimi huwa nacheka: fundi simu na kitochi chake mfukoni, na mezani kuna simu kumi na mbili za watu.

Kila mara kupona kwangu kulikuwa na maana moja: nisisikie hamu tena. Basi siku hamu inaporudi, na lazima irudi, najua jini halijatoka, ndoa haijasaidia, dawa imedunda. Na nikishajua hivyo, sioni sababu ya kujizuia. Nilikuwa naangukia humo miezi, wala si siku moja.

Mwaka 2021 dada mmoja aliniletea simu yenye kioo kilichopasuka. Akaniachia pamoja na patani, kama ilivyo kawaida, akaenda soko la Mgandini. Kubadilisha kioo ni kazi ya dakika arobaini. Nilimaliza kwa nusu saa, na dakika zilizobaki nikafungua picha zake. Haikuwa simu ya kwanza, na nilikuwa na kadi yangu ya pembeni ninayohamishia. Dada karudi na kikapu, vibua vinachuruza maji, mimi nimeinama sikumsikia. Alisimama nyuma yangu akiziangalia picha zake kwenye kioo kipya nilichomwekea mwenyewe. Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono tu, nikampa simu. Mpaka leo nikisikia harufu ya vibua asubuhi nageuka kutazama nyuma.

Jioni kaka zake walikuja. Wangeweza kunipeleka polisi, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ingenitosha kabisa. Walikubali tukae kwa mwenyekiti wa mtaa. Ile kadi ilipondwa kwa nyundo mbele ya watu saba, mke wangu akiwa mmoja wao, na nikamlipa dada gharama ya simu nyingine. Hakunisamehe. Simlaumu, na sitaki msomaji adhani naleta habari ya ugonjwa ili kumwambia yule dada kitu. Kwake mimi ni mwizi, na ni kweli.

Watu walipoondoka alibaki mama mmoja mjumbe wa mtaa, muuguzi mstaafu, aliyefanya kazi miaka mingi wodi ya wagonjwa wa akili. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe ni mgonjwa au mhuni?"

Nikamwambia, "Mama, sijui."

"Basi njoo Jumatano. Tukishajua ndiyo tutajua pa kuanzia."

Jumatano nilikwenda nikitegemea mawaidha. Alinipa chai ya mchaichai akaniuliza swali moja tu, ambalo katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniuliza: "Ukipona, utajuaje?"

Nikamjibu nilivyokuwa nikiamini siku zote, kwamba nitakuwa sina hamu. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Asiye na hamu ni maiti. Au mimi na miaka yangu sabini, na hata mimi usiniapie." Kisha akanyamaza, akasema niondoke, nirudi nikiwa na jibu lingine.

Lile jibu lingine ndilo lililonifanya niandike.

Yule mama ndiye aliyenieleza kuwa Shirika la Afya Duniani limelitambua jambo hili. Limo katika toleo la 11 la orodha yao ya maradhi, lililopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Kwa Kiswahili changu cha kibandani, wanaliita tabia ya ngono isiyozuilika. Hawakuliweka kwenye fungu moja na pombe, unga na kamari, wameliweka na wale wasioweza kujizuia kuiba au kuchoma moto vitu. Kwa hiyo hata neno "uraibu" ambalo sisi tunalitumia, wataalamu bado wanalivutana. Madaktari wa akili wa Marekani nao walipotoa kitabu chao kipya cha maradhi mwaka 2013 hawakuliingiza kabisa. Mimi mvutano huo haunisumbui. Kilichonigusa ni vigezo: hali iwe imedumu kwa muda mrefu, kama miezi sita au zaidi, iwe imemeza afya, kazi na majukumu ya mtu, awe amejaribu kupunguza mara nyingi akashindwa, aendelee hata anapoona hasara, au hata pale ambapo hapati raha tena. Niliposomewa hicho cha mwisho niliinamisha kichwa.

Na kuna jambo wameliongeza ambalo nawaomba wazazi na viongozi wa dini walisome taratibu. Mtu kuumia moyoni kwa sababu tu anaona alichofanya ni dhambi, hiyo peke yake haimfanyi mgonjwa. Maana yake kijana aliyeangalia mara tatu, akajuta na kulia, anahitaji toba yake na pengine mtu wa kuongea naye, ila msimbandike jina la mraibu. Jina hili ni zito.

Mama alinipeleka kliniki ya afya ya akili kwanza. Hapo mtu wa mapokezi alisoma cheti changu akamwita mwenzake waje wacheke, nikataka kuondoka, mama akanishika mkono wa shati. Daktari alikuwa tofauti. Aliniuliza habari za usingizi, dawa ninazotumia, na kama kuna vipindi silali siku tatu na najiona mfalme, kwa sababu wapo ambao tabia hii inatokana na ugonjwa mwingine au na dawa wanazomeza. Kwangu alikuta sonona. Nikatibiwa, usingizi ukarudi. Peke yake haikutosha, ila mtu asiyelala hawezi kushindana na kitu.

Kilichofuata ni watu wa kukaa nao. Hapa ndipo penye dukuduku langu kubwa. Kwa unga, mji huu una pa kwenda. Kuna kliniki ya methadoni, ile dawa ya kuwasaidia watu kuacha unga, kuna nyumba za upataji nafuu wanakokaa wanaoacha, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119. Kwa ugonjwa wangu sikuona mlango. Nilitafuta kwenye simu nikakuta Wamarekani wana vikundi vya namna hii tangu miaka ya 1970, kimoja kilianzia Boston mwaka 1976, kingine Minneapolis mwaka 1977, vyote vimefuata zile hatua 12 za kuacha za walevi wa pombe walioanza kukutana Akron, Ohio, mwaka 1935. Nikajiunga na mkutano mmoja kwa simu. Kwao saa mbili za usiku, kwetu saa tisa za usiku. Sasa fikiria: mke wangu anaamka kujisaidia, anamkuta mumewe kajifunika shuka kichwani, simu inawaka, anasikiliza sauti ya mwanamke kwa Kiingereza. Nilimweleza hadi adhana ya alfajiri. Ule mkutano sikuurudia.

Ila nilitoka na kitu. Niligundua kuwa hata vikundi vyenyewe havikubaliani kupona ni nini. Kimoja kinasema mtu ni klini, yaani ameacha kweli, iwapo hana tendo lolote, hata la peke yake, nje ya mke au mume wake wa ndoa. Vingine vinamwachia kila mtu aandike mwenyewe, akiwa na mwenzake anayemsaidia, ni mambo gani akiyafanya ameanguka. Kuna wanaochora duara tatu: la ndani ni yale ya kuanguka, la kati ni yanayoteleza, la nje ni yale yanayokujenga. Nikaona hiyo ndiyo kazi niliyopewa na mama.

Nilichora nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, kwa kikombe, sahani na sinia. Kwenye kikombe niliandika matatu: picha za ngono, wanawake wa kulipia, kufungua chochote cha mteja kisichohusu matengenezo. Kwenye sahani yapo mengi na mengine yatakuchekesha: kubaki kibandani baada ya saa mbili usiku, bando la usiku, kushinda njaa, kukopesha mtu asiyelipa, kununiana na mke wangu halafu kujifanya sijanuna, kijiwe fulani ambacho mazungumzo yake nayajua yanakoishia. Kwenye sinia: swala ya alfajiri msikitini, kwenda kuvua na mjomba, kumsikiliza binti yangu akisoma kwa sauti, kulala saa nne. Hamu sikuiandika popote. Mama aliikagua kalenda akauliza, "Na mkeo yuko wapi humu?" Nikaona nimemuweka kwenye sahani tu, kama kitu cha kuteleza. Nikaongeza.

Ofisini nako nilibadilisha. Sipokei patani wala namba ya siri. Mteja anakaa kwenye benchi, anafungua mwenyewe, anajaribu kioo mwenyewe, anaondoka nayo. Simu ya kulaza sichukui. Nimepoteza wateja wenye haraka, nimepata wengine, hasa akina mama, ambao hawajui kwa nini nafanya hivyo ila wamependa.

Aliyenishika mkono ni kaka mmoja, zamani kuli wa bandarini, teja mstaafu kama anavyojiita, yuko klini miaka sita. Nilimfuata kwenye nyumba moja ya upataji nafuu nikamweleza nikitetemeka. Akasema, "Kaka, mimi nimeiba sufuria ya mama yangu ikiwa na maharage jikoni. Kaa." Hajui chochote kuhusu ngono isiyozuilika, lakini arosto, ile hali ya mwili kuidai dawa, anaijua, uongo anaujua, na ile sauti inayosema "leo tu" anaijua kuliko daktari yeyote. Tukakubaliana nimpigie kila siku saa moja jioni, hata kama sina la kusema. Siku nyingi tunazungumza Coastal Union na kukata simu.

Baada ya miezi saba nilianguka. Mfungo wa mwaka jana, mdeni kanizungusha, nyumbani tumenuniana, nikabaki kibandani mpaka saa nne na nimenunua bando la usiku. Yote hayo yalikuwa kwenye sahani, kwa mwandiko wangu. Nikaangalia usiku ule, na uliofuata. Siku ya tatu nilimwambia kaka. Hakunilaani. Aliuliza, "Wa kwanza naelewa. Usiku wa pili ulikuwa wa nini? Simu yangu ilizimwa?" Hapo tulibishana, na hadi leo hatujaafikiana. Yeye anasema siku zinaanza upya kutoka moja, ndivyo walivyomfundisha na ndivyo alivyopona. Mimi nasema miezi saba haifutiki. Zamani nikianguka nazama hadi Idi ya pili, safari hii ni siku mbili, na aliyejua siku ya tatu ni mtu wa kwanza niliyemwambia kwa hiari yangu kwamba nimeanguka. Kwangu hapo ndipo kupona kulipo. Siku nilizokaa bila kugusa ni sehemu tu. Nyingine ni muda ninaochukua kusema ukweli.

Nimechelewa kumtaja mke wangu vya kutosha, na ndivyo ilivyokuwa nyumbani pia. Tulipima virusi pamoja, tukarudia baada ya miezi mitatu, tuko salama. Kwenye foleni ya majibu aliniambia bila kunitazama, "Wewe una mama, una daktari, una kaka yako wa bandarini. Mimi nina nani?" Alikokwenda kuomba ushauri aliambiwa wanaume ndivyo walivyo, mwingine akamwambia ajirembe zaidi. Ajirembe! Mwanamke aliyesimama akaona kadi ya mumewe ikipondwa kwa nyundo. Sasa anakwenda kwa yule mama kila Jumamosi, na wanayozungumza siulizi.

Mhariri, ombi langu kwa mshauri wenu ni dogo. Nateseka akiandika tena, asimwambie aoe. Amuulize swali lile nililoulizwa na yule mama, "Ukipona, utajuaje?", na amwambie aende kliniki ya afya ya akili, akichekwa mapokezi abaki hapo hapo. Na wenye nyumba za upataji nafuu, siombi vitanda. Naomba chumba kimoja, saa moja kwa wiki, mtu asiyetumia unga naye aruhusiwe kuingia.

Ile niliyokwenda mimi ilikubali. Tunakaa Alhamisi baada ya Isha, kwa Kiswahili, hakuna jina la mtu linalotoka mlangoni. Kwa miezi tulikuwa watatu. Alhamisi iliyopita alikuja wa nne, kijana wa kazi ya heshima kwa jinsi alivyovaa, akakaa karibu na mlango, hakusema neno, akaondoka kabla chai haijamiminwa. Juzi kanitumia ujumbe: "Shikamoo fundi. Alhamisi ni saa ile ile?"

Fundi simu,
Ngamiani, Tanga
(Jina langu limehifadhiwa kwa Mhariri)